KUSAMBAZA, KUVUSHA NA KUELEKEZA: UHAKIKI WA ISTILAHI ZA KISWAHILI ZA UPELEKAJI WA BARUA PEPE KWA MIZANI YA LUGHA YA MPAKANI TUNDUMA

Ikisiri

Uhakiki huu unachunguza istilahi ambazo Kiswahili kinatumia kutaja kitendo cha seva ya barua kupokea barua pepe na kuipeleka kwenye anwani nyingine. Hoja kuu ni kwamba neno sambaza, ambalo limebebeshwa vitendo vyote vya namna hiyo, linafuta tofauti ambazo itifaki ya barua pepe imeziweka wazi: nani anawajibika barua inaposhindwa kufika, na kama barua imefunguliwa njiani au la. Kwa kutumia vigezo vya uundaji istilahi na mfano wa lugha ya forodha katika mji wa Tunduma, inaoneshwa kwamba Kiswahili tayari kina vitenzi vya kutenganisha dhana hizo. Inaoneshwa pia kwamba kutozitenganisha kuna gharama: barua hupotea, na foleni za seva huelemewa bila sababu.

1.0 Utangulizi

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya. Makao makuu yake yako Vwawa, wilayani Mbozi, lakini mji unaojulikana zaidi nje ya mkoa ni Tunduma, ambako barabara kuu itokayo Dar es Salaam na reli ya TAZARA huvuka kuingia Zambia kupitia Nakonde. Tarehe 5 Oktoba 2019 Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani kilizinduliwa rasmi katika mpaka huo na marais wa nchi mbili, John Magufuli na Edgar Lungu. Kusudi lilikuwa mzigo ukaguliwe mara moja, na maofisa wa nchi zote mbili wafanye kazi mahali pamoja.

Mji wa namna hii huishi kwa nyaraka. Kabla lori halijafika, hati ya mizigo, ankara na tamko la forodha huwa vimekwisha kutangulia. Sehemu ya nyaraka hizo hupita katika mifumo ya serikali, ukiwamo ule wa forodha wa TANCIS ulioanza kutumika mwaka 2014. Sehemu nyingine, hasa mawasiliano kati ya mteja, wakala na mwenye lori, hupita katika barua pepe za kawaida. Kampuni ya uwakala yenye ofisi kuu Dar es Salaam na tawi mpakani huwa na anwani moja ya jumla inayotangazwa kwa wateja. Kinachoingia humo hupelekwa kwa makarani walioko sehemu mbalimbali. Hali hiyohiyo hujitokeza katika utumishi wa umma: mkoa unapogawanywa, idara inapohamishwa au mtumishi anapobadilishiwa kituo, anwani ya zamani huendelea kupokea barua, na seva hulazimika kuzifikisha kwingine.

Kitendo hicho cha seva ndicho kinachohakikiwa hapa, kikianzia kwenye jina lake. Katika Kiingereza kinaitwa forward. Katika violesura vya Kiswahili, na katika mazungumzo ya wataalamu wa TEHAMA, neno linalokutwa sana ni sambaza. Swali la uhakiki ni hili: je, sambaza linataja dhana iliyokusudiwa, au linaificha?

2.0 Mizani ya Uhakiki

Mizani mbili zinatumika. Ya kwanza ni msimamo wa Eugen Wüster, mhandisi wa Austria anayehesabiwa kuwa mwasisi wa nadharia ya istilahi, kwamba kazi ya istilahi huanza na dhana, kisha neno hutafutwa. Mwanaistilahi hapaswi kuuliza neno la kigeni lina maana gani katika kamusi. Anapaswa kuuliza ni vitu gani vinavyotofautishwa na wanaofanya kazi hiyo. Ya pili ni kigezo cha PEGITOSCA kilichopendekezwa na K. B. Kiingi kwa lugha za Kibantu. Kigezo hicho hupima istilahi kwa sifa kadhaa, na zinazohusika zaidi hapa ni usahihi, uwezo wa kuzalisha maneno mengine, uwazi, mfumo na ukubalifu.

Historia ya istilahi za kompyuta katika Kiswahili inaonesha kwa nini mizani ya Wüster inahitajika. Mwishoni mwa mwaka 2004 mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, seti ya programu za ofisi kwa Kiswahili, na kampuni ya Microsoft nayo ikatoa violesura vya Kiswahili muda mfupi baadaye. Kazi hizo zilikuwa na thamani kubwa na maneno yake mengi yameshika mizizi. Hata hivyo zilikuwa tafsiri za violesura, yaani orodha za vitufe na menyu. Aliyetafsiri kitufe alimtazama mtumiaji anayebonyeza. Hakuwa na sababu ya kutazama kinachotokea ndani ya seva baada ya kubonyeza. Istilahi iliyotoka kwenye kitufe ikaja kutumiwa kueleza kazi ya seva, na hapo ndipo udhaifu ulipojitokeza.

3.0 Dhana Kama Zilivyo Katika Itifaki

Barua pepe husafirishwa kwa itifaki ya SMTP, iliyoelezwa na Jon Postel katika waraka wa viwango RFC 821 wa Agosti 1982. Toleo linalorejelewa sana sasa ni RFC 5321 la Oktoba 2008, lililohaririwa na John Klensin. Jambo la msingi katika itifaki hiyo ni kwamba kila barua ina sehemu mbili: bahasha na barua yenyewe. Bahasha hubeba anwani ya kurudishia na anwani ya mpokeaji, nayo ndiyo seva huisoma. Barua yenyewe hubeba kijajuu na kiwiliwili, navyo ndivyo mtu huviona. Jina la mtumaji lililoko kwenye bahasha linaweza kutofautiana na lililoko kwenye kijajuu bila kosa lolote.

Ndani ya mfumo huo, mpokeaji anapokuwa amehama, seva ina njia kadhaa za kuchukua. Mbili zilikwisha kutajwa katika waraka wa 1982. Seva inaweza kujibu kwa namba 551, maana yake: mtu huyu hayupo hapa, mwandikie kule. Hapo seva haibebi chochote. Inamwonesha mtumaji njia. Au inaweza kujibu kwa namba 251, maana yake: mtu huyu hayupo hapa, lakini barua naipokea na nitaifikisha. Hapo seva imejitwika mzigo.

Tofauti nyingine ilifafanuliwa katika RFC 1123 ya mwaka 1989 na kuendelezwa katika RFC 5321. Anwani moja inapowakilisha nyingine, seva inaweza kuichukulia kama lakabu au kama orodha. Ikiwa ni lakabu, seva hubadilisha anwani ya mpokeaji tu kwenye bahasha. Anwani ya kurudishia hubaki ileile, na barua haiguswi. Ikiwa ni orodha, anwani ya kurudishia hubadilishwa na kuwa ya msimamizi wa orodha, ili barua zikishindwa kufika taarifa zimrudie yeye na zisimrudie mtu aliyeandika mara moja tu. Waraka wenyewe unasema kwamba kazi ya orodha ni ugawaji upya, nao unaitofautisha na upelekaji wa kawaida. Ipo pia dhana ya seva inayopokea barua katikati ya safari na kuikabidhi kwa seva inayofuata, pasipo kubadilisha mpokeaji kabisa.

Kwa hiyo kuna dhana nne: kuonesha njia, kupokea na kufikisha kwa anwani mpya, kugawa kwa wengi chini ya dhamana ya mgawaji, na kupokezana safarini. Istilahi nzuri inapaswa kuzitenganisha.

4.0 Uhakiki wa Neno Sambaza

Maana ya msingi ya sambaza ni kukifanya kitu kienee mahali pengi. Habari husambazwa, maji husambazwa, mbegu husambazwa. Asili ya kitu si muhimu sana, na hatima ya kila sehemu haifuatiliwi. Aliyesambaza amemaliza kazi yake pale vitu vilipoenea. Kwa dhana ya tatu, yaani ugawaji wa orodha, neno hili linafaa vizuri. Kwa dhana ya pili halifai. Barua moja inayotoka anwani ya zamani ya karani kwenda anwani yake mpya haikuenea popote. Imefuata mtu mmoja.

Inaweza kujibiwa kwamba matumizi yamekwisha kuipa sambaza maana finyu zaidi. Nchini Kenya, huduma ya Safaricom yenye jina hilo humwezesha mtu kumhamishia mwenzake salio la simu, nayo ni kutoka mmoja kwenda kwa mmoja. Jibu hilo lina uzito upande wa ukubalifu, lakini linaongeza utata upande wa usahihi. Anayesambaza salio anatoa katika kilicho chake, na salio lake hupungua. Seva inayofikisha barua haitoi kilicho chake. Inabeba cha mwingine.

Maneno mbadala yaliyopo nayo yana kasoro. Peleka mbele ni tafsiri ya vijenzi vya neno la Kiingereza. Katika Kiswahili cha ofisi, kupeleka jambo mbele ni kulifikisha kwa wakubwa, au kuliahirisha. Utohozi fowadi umezoeleka katika mazungumzo, na watu husema nifowadie, lakini fowadi tayari ni mshambuliaji katika soka, na neno hilo linakopa utata wote wa Kiingereza bila kuutatua. Rusha ni la mtaani na halisemi kitu kinarushwa kwa nani wala kwa dhamana ya nani. Elekeza ni neno zuri, lakini kinachoelekezwa kwa kawaida ni mtu. Mwelekezaji husimama mahali pake na kunyoosha mkono. Hiyo ndiyo dhana ya kwanza, ile ya jibu 551, na ingekuwa hasara kulitumia neno hilo kwingine.

5.0 Ushahidi wa Lugha ya Forodha

Mji wa mpakani ni mahali pazuri pa kupimia istilahi hizi kwa sababu shughuli ya kubeba cha mwingine na kukifikisha ng'ambo ndiyo kazi yake ya kila siku. Tena ni mji ambamo Kiswahili hutumika pamoja na Kinyamwanga, lugha inayozungumzwa pande zote mbili za mpaka, na lugha nyingine za Songwe na Zambia. Katika mazingira hayo, neno la kazi lisilo wazi huzua mgogoro upesi.

Inafaa kuanza na jambo linaloshangaza kidogo. Kazi ambayo kwa Kiingereza huitwa kwa maneno mawili, la kutoa mzigo forodhani na la kuupeleka mbele, kwa Kiswahili huitwa uwakala wa forodha. Chama cha Kitaifa cha wanaofanya kazi hiyo, TAFFA, ambacho jina lake la Kiingereza linataja upelekaji, kwa Kiswahili hujulikana kama Chama cha Mawakala wa Forodha Tanzania. Kiswahili hakikutafsiri mwendo, kilitaja uhusiano. Wakala ni mtu anayetenda kwa niaba ya mwingine na kuwajibika kwake. Wenye lugha waliona kwamba jambo kubwa katika kazi ile ni dhamana, na si safari.

Dhamana hiyo inaonekana katika neno lakiri, lililoingia Kiswahili kutoka Kireno. Mzigo unaopita nchini kwenda Zambia au Kongo hufungwa lakiri. Siku hizi lakiri za kielektroniki hutumika pia kuufuatilia. Lakiri ikiwa nzima, ofisa wa mpakani anajua kwamba kilichomo ni kile kilichotamkwa bandarini. Lakiri ikiwa imekatwa njiani, swali la nani anawajibika huanza upya. Kuna basi tofauti kubwa kati ya mzigo uliovushwa ukiwa umefungwa na mzigo uliofunguliwa ghalani, ukagawanywa na kupakiwa upya. Wa kwanza bado ni wa mtumaji. Wa pili una mtumaji mpya.

Kitenzi vusha kinabeba wazo la kwanza. Mtu au mzigo huvushwa kutoka ng'ambo moja hadi nyingine akiwa yuleyule, ukiwa uleule. Wasemaji wa pwani na wa maziwa wanalijua kupitia kivuko. Neno linazalisha bila shida: mvushaji, uvushaji, barua iliyovushwa, anwani ya uvushaji. Pingamizi moja lazima litajwe. Katika habari za mipakani, kuvusha huambatana mara nyingi na magendo na njia za panya, na msikilizaji anaweza kuhisi harufu ya uhalifu. Lakini harufu hiyo hutoka kwa maneno yanayofuata: kuvusha kwa magendo, kuvusha usiku. Kivuko cha Kigamboni huvusha abiria maelfu na hakuna anayeshuku. Shina lenyewe ni safi.

Kwa dhana ya nne, ile ya seva za katikati, Kiswahili kina pokezana, kama wakimbiaji wanavyopokezana kijiti. Hivyo dhana zote nne zimepata vitenzi: elekeza, vusha, sambaza na pokezana.

6.0 Kilichoko Hatarini

Inaweza kudhaniwa kuwa huu ni mjadala wa maneno tu. Mfano wa jumla unatosha kuonesha kwamba sivyo. Mteja wa Dar es Salaam anatuma hati kwenye anwani ya jumla ya kampuni ya uwakala. Seva ya kampuni inazipeleka kwenye sanduku ambalo karani wa Tunduma analo katika huduma ya bure ya kimataifa. Huduma hiyo, kabla ya kupokea, hufanya ukaguzi wa aina tatu.

Kwanza hukagua SPF, ambayo ni orodha iliyotangazwa na mwenye kikoa ikitaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lake. Seva ya kampuni ya uwakala haimo katika orodha ya mteja, hivyo ukaguzi huu unashindwa iwapo anwani ya kurudishia imebaki ileile. Pili hukagua DKIM, ambayo ni sahihi ya kihisabati iliyowekwa na seva ya mteja juu ya kiwiliwili na vijajuu kadhaa. Hii ndiyo lakiri ya barua pepe: ikiwa hakuna kilichoguswa, inabaki nzima hata barua ikipita seva ngapi. Tatu hukagua DMARC, iliyochapishwa kama RFC 7489 mwaka 2015, ambayo inahitaji angalau moja kati ya mbili zilizotangulia ifaulu na ilingane na kikoa kinachoonekana kwenye kijajuu. Mwenye kikoa anaweza kutangaza kwamba barua zisizofaulu zikataliwe.

Sasa msimamizi wa seva ameelekezwa na mwongozo wa Kiswahili kwamba kazi yake ni kusambaza. Anaifanya kama ugawaji: anaongeza alama kwenye kichwa cha habari na tanbihi chini ya barua inayosema ujumbe umetoka nje ya kampuni. Kila kimoja kati ya hivyo kinakata lakiri. SPF ilikwisha kushindwa, DKIM nayo imevunjika, na barua inakataliwa. Taarifa ya kukataliwa inamrudia mteja, ikitaja anwani ambayo hakuiandikia kamwe. Karani wa Tunduma hajui chochote. Lori limesimama, na kila mmoja anaamini mwenzake amezembea.

Kama kazi ingeitwa kuvusha, na kuvusha kungefafanuliwa kuwa kufikisha bila kufungua, kosa la tanbihi lingeonekana kuwa kosa tangu mwanzo. Upande wa pili una ushahidi wake pia. Aprili 2014 kampuni ya Yahoo ilitangaza sera ya kukataa barua za kikoa chake zisizofaulu ukaguzi, na orodha nyingi za barua duniani zilivurugika kwa sababu zilikuwa zikigawa barua zilizofunguliwa huku zikiendelea kuonesha jina la mwandishi wa asili kana kwamba hazikuguswa. Zilisambaza kwa sura ya kuvusha.

7.0 Foleni na Wingi

Barua zinapokuwa nyingi, istilahi nyingine inaingia: foleni. Tunduma inajulikana kwa foleni ya malori, na neno hilo humjengea msikilizaji picha ya mstari mmoja ambamo wa nyuma humngoja wa mbele. Picha hiyo ikihamishiwa kwenye seva inapotosha. Postfix, programu ya seva ya barua iliyoandikwa na Wietse Venema na kutolewa mwaka 1998, haina mstari mmoja. Ina foleni ya zinazoingia, ya zinazoshughulikiwa, ya zilizoahirishwa na ya zilizozuiliwa, na zinazoshughulikiwa hupangwa kwa kila mahali ziendako. Kikoa kimoja kikifunga mlango, barua zake huwekwa kando na nyingine zikapita. Anayejua adha ya magari ya ndani kukwama nyuma ya malori ya ng'ambo ataelewa haraka faida ya mpango huo.

Ufanisi wa upelekaji mkubwa hutegemea mambo machache. La kwanza ni kutobeba nakala zisizo za lazima. Kiwango kinashauri kwamba wapokeaji kadhaa wakiwa kwenye seva moja, nakala moja tu ipelekwe. Chukulia barua ya megabaiti 2 inayokwenda kwa wapokeaji 400 waliogawanyika sawa katika vikoa 4. Ikipelekwa kwa kila mtu peke yake, ni megabaiti 800. Ikipelekwa kwa mafungu ya wapokeaji 50, ambayo ndiyo kawaida ya Postfix isipobadilishwa, ni safari 8 na megabaiti 16. Kwa ofisi yenye njia finyu ya intaneti, tofauti hiyo inaamua kama kazi itaisha asubuhi au jioni.

La pili ni kuchuja kabla ya kubeba. Seva inayovusha barua taka huhesabiwa na mpokeaji kuwa mtumaji wake, na sifa ya anwani yake ya IP huharibika kwa barua zote. Kinachokataliwa kikataliwe mlangoni, mtumaji akiwa bado kwenye mstari. Kikipokelewa kwanza na kurudishwa baadaye, taarifa humwendea mtu ambaye pengine jina lake limeghushiwa.

La tatu ni subira yenye kipimo. Jibu la muda, linaloanza na 4, lahitaji kujaribu tena. Jibu la kudumu, linaloanza na 5, lahitaji kuacha. RFC 5321 inashauri angalau dakika 30 kati ya majaribio na kutokata tamaa kabla ya siku 4 hadi 5. Siku 5 ni muda wa kawaida pia katika Postfix, nayo haitumi onyo la ucheleweshaji mpaka msimamizi aliwashe. Kwa salamu za sikukuu hilo halina neno. Kwa hati ya mzigo unaongoja mpakani, kujua siku ya tano kwamba haikufika ni sawa na kutojua.

La nne ni kuzuia mzunguko: anwani ya kwanza inavusha kwenda ya pili, na ya pili inarudisha kwa ya kwanza. Seva huhesabu mihuri ya mapokezi iliyoko kwenye kijajuu na kusimama ikizidi kiasi. Yote manne yanamhitaji msimamizi ajue kwanza anavusha au anasambaza, kwa kuwa jibu la nani aarifiwe hutofautiana.

8.0 Pingamizi na Majibu

Pingamizi zito zaidi dhidi ya hoja hii linatoka katika ufundi wenyewe. Ili kuiokoa SPF, waendeshaji wengi wa seva hutumia mbinu ya SRS, ambayo huandika upya anwani ya kurudishia ili iwe ya kikoa cha seva inayovusha, huku ikiificha ndani yake anwani ya asili. Taarifa ya kushindwa huirudia seva ya kati kwanza, nayo humpelekea mtumaji. Ikiwa anwani ya kurudishia imebadilika, je, uvushaji haujawa usambazaji?

Kwa kipimo kimoja, ndiyo. Tofauti ya lakabu na orodha iliyowekwa mwaka 1989 ilisimama juu ya bahasha peke yake, na SRS imeitia ukungu. Hapa mizani ya forodha inasaidia, kwa kuwa ina vipimo viwili: nani anayewajibika, na lakiri ni nzima au imekatwa. Kwa SRS, mvushaji amekubali kupokea marejesho kwa niaba ya mtumaji, kama wakala, lakini mzigo haujafunguliwa na sahihi ya DKIM ingali hai. Ni lazima iwe hai, kwa sababu SRS huipatia SPF ushindi kwa kikoa cha mvushaji tu, na DMARC inataka ulinganifu na kikoa cha mwandishi. Orodha inayoongeza tanbihi imefungua mzigo, hivyo inapaswa kuugawa kwa jina lake yenyewe.

Itifaki ya ARC, iliyochapishwa kwa majaribio kama RFC 8617 mwaka 2019, inathibitisha picha hii. Kila seva ya kati hurekodi matokeo ya ukaguzi iliyoufanya barua ilipofika, kisha huweka lakiri yake juu ya rekodi hiyo. Mpokeaji wa mwisho huona mnyororo wa lakiri na kuamua kama anawaamini waliozifunga. Tangu Februari 2024 Google imewataka wanaopeleka barua za wengine mara kwa mara kuongeza vijajuu vya ARC. Walioibuni itifaki hiyo walikipa kimoja cha vijajuu vyake jina la lakiri hasa.

9.0 Hitimisho

Uhakiki umeonesha kwamba sambaza, kwa vigezo vya usahihi na mfumo, halifai kuwa istilahi pekee ya kitendo kilichojadiliwa. Linafaa kubaki kwa ugawaji wa orodha. Inapendekezwa kwamba elekeza litumike pale seva inapomwonesha mtumaji anwani mpya bila kubeba barua. Vusha litumike pale seva inapopokea na kufikisha bila kufungua. Sambaza litumike pale barua inapogawiwa kwa dhamana na jina la mgawaji. Na pokezana litumike kwa seva za katikati. Lakiri inafaa kuwa istilahi ya sahihi za DKIM na ARC. Neno foleni libaki, ila lifafanuliwe kuwa ni foleni nyingi kwa mujibu wa hatima.

Kigezo cha ukubalifu hakiwezi kuamuliwa mezani. Vusha linahitaji kupimwa kwa wasimamizi wa seva walioko mbali na mipaka na vivuko, kabla ya kupelekwa BAKITA kwa usanifishaji. Miongozo ya Kiswahili ya mifumo ya barua inayoandaliwa kwa ajili ya ofisi za umma chini ya Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 ingekuwa mahali pazuri pa kuyajaribu maneno haya, kwa sababu huko msomaji wa istilahi ndiye pia anayesanidi seva. Karani wa mpakani hahitaji kujua SPF ni nini. Anahitaji aliyesanidi seva yake ajue tofauti ya mzigo uliovushwa na uliofunguliwa, tofauti ambayo mji mzima wa Tunduma unaijua.